Shajara ya kijitabu cha Alexander Twilight, mwalimu aliyeingia Bunge la Vermont mwaka 1836

Shajara hii inafuatilia utengenezaji wa kijitabu kimoja cha Kiswahili kuhusu maisha ya Alexander Twilight, mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kuchaguliwa katika bunge la jimbo nchini Marekani. Ninaiandikia hapa Burlington, Vermont, nchini Marekani, ambako tumo familia nyingi tunaozungumza Kiswahili, wengi wetu tukiwa tumetoka Kongo, Burundi na Tanzania. Kila Jumamosi watoto wetu hujifunza kusoma Kiswahili katika ukumbi mdogo tunaoazimwa, na vitabu tulivyo navyo vinaeleza habari za Tanganyika, Mombasa na Kilimanjaro, lakini hakuna hata kimoja kinachowaeleza habari za nchi wanamolala na kuamka. Ninaweka kumbukumbu ya hatua, makosa na gharama ili kikundi kingine kinachotaka kuandika maisha ya mtu wa mahali pao kisianze pale tulipoanza sisi.

12 Januari 2025. Kumchagua mtu na kupanga fedha

Tulipima majina matatu ya watu weusi wa zamani. La kwanza lilikuwa la Wentworth Cheswell wa New Hampshire, aliyechaguliwa konstebo wa mji wa Newmarket mwaka 1768, kabla Marekani haijawa nchi. La pili lilikuwa la mchungaji Lemuel Haynes, aliyehudumu miaka mingi huko Rutland na ambaye Chuo cha Middlebury kilimpa shahada ya heshima mwaka 1804. Tulimchagua Twilight kwa sababu mbili: aliishi na kufanya kazi yake kubwa humu humu Vermont, na jengo alilolijenga bado limesimama, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma habari zake asubuhi na kuugusa ukuta wake mchana.

Mambo ya msingi tuliyoanza nayo ni haya. Twilight alizaliwa tarehe 23 Septemba 1795 katika Kaunti ya Orange, akiwa mtoto wa Ichabod na Mary Twilight, na baba yake alikuwa askari katika Vita vya Mapinduzi vya Marekani. Akiwa na umri wa miaka kama minane aliwekwa kwa mkulima jirani huko Corinth, akafanya kazi za shamba mpaka alipofikia miaka 20, huku akijisomea kila alipopata nafasi. Mwaka 1815 aliingia shule ya sekondari ya kaunti mjini Randolph, akakaa hapo miaka sita, akasoma pamoja na masomo ya sekondari yale ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo. Ndiyo maana alipofika Middlebury mwaka 1821 alipokelewa moja kwa moja mwaka wa tatu, na mwaka 1823 akahitimu.

Michango ya wazazi ilifikia dola 400. Tuliamua kwamba kijitabu kitakuwa na kurasa 24, kwa herufi kubwa, na michoro sita.

26 Januari 2025. Rasimu ya kwanza na jina lililopotosha

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa siku nne na nikaipa jina la "Mbunge wa Kwanza Mweusi wa Marekani". Nilifurahia jina hilo kwa muda wa wiki moja hivi. Mwalimu mwenzangu, mama wa Kigoma anayefundisha darasa la wakubwa, aliposoma jalada aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, huyu alikaa Washington?" Swali lake lilinionyesha kwamba msomaji yeyote wa Kiswahili angefikiri hivyo hivyo. Waliotangulia kuingia Bunge la Marekani miongoni mwa watu weusi ni Hiram Revels katika Seneti na Joseph Rainey katika Baraza la Wawakilishi, wote mwaka 1870, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Twilight hakuwahi kukaa Washington. Alikuwa mwakilishi wa Brownington, mji alikofundisha, katika bunge la jimbo la Vermont, miaka 34 kabla yao.

Nililitazama upya neno "wa kwanza" pia. Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu ni kwamba yeye ndiye wa kwanza anayejulikana, na wala si kwa bunge tu. Anajulikana pia kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza katika chuo cha Marekani, miaka mitatu kabla ya Edward Jones wa Amherst na John Russwurm wa Bowdoin, waliohitimu mwaka 1826. Neno "anayejulikana" linabeba uzito mkubwa, kwa kuwa karani wa miaka ile hakuandika asili ya kila mtu, na Twilight mwenyewe alikuwa na ngozi nyeupe kiasi cha baadhi ya watu kutomhesabu kuwa mweusi. Tumeliweka neno hilo kila mahali, hata kwenye sentensi ambazo bila yake zingesomeka kwa wepesi zaidi.

Gharama ya hatua hii: dola 11 za kutoa nakala za kurasa maktabani.

15 Februari 2025. Maneno manne yaliyotuangusha

Leo rasimu ilisomwa kwa sauti mbele ya wazazi kumi na wawili. Sijui njia bora kuliko hii ya kuona kosa la Kiswahili, kwa sababu mtu akinyamaza ghafla katikati ya sentensi, kosa liko hapo.

Lililotusumbua kuliko yote ni "jimbo". Kwa aliyetoka Tanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi linalompeleka mbunge mmoja Dodoma. Kwa aliyetoka Kongo, jimbo ni kama Kivu ya Kusini, lenye gavana na bunge lake. Kwa hiyo nilipoandika "mbunge wa jimbo", nusu ya ukumbi ilielewa kwamba Twilight aliwakilisha eneo fulani katika bunge la taifa, na nusu nyingine ikaelewa vizuri. Mzee wetu wa Uvira ndiye aliyetatua fundo hilo. Alisema tusibadilishe neno, bali tueleze kitu chenyewe, kwamba Vermont ina katiba yake, gavana wake na bunge lake, na kwamba Twilight aliketi katika bunge hilo. Wazazi wawili kutoka Unguja waliongeza kwamba wao wanalijua jambo hilo tangu nyumbani, kwani Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi lake. Tumeandika "mwakilishi wa Brownington katika Bunge la Vermont" kutoka mwanzo hadi mwisho, na maelezo ya Mzee yako ukurasa wa 3.

La pili lilikuwa "shule ya sarufi". Nililitafsiri neno la Kiingereza kama lilivyo, na wazazi wakauliza kama watoto walikuwa wakijifunza sarufi tu. Shule za namna hiyo zilikuwa sekondari za kaunti, zikifundisha Kilatini, Kigiriki, hesabu na masomo ya kumwandaa kijana kwenda chuo. Tumeandika "shule ya sekondari ya kaunti".

La tatu lilikuwa zito zaidi. Katika rasimu niliandika kwamba Twilight mtoto alikuwa "mtumwa wa mkulima". Hilo si kweli. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777 ilikataza kumshika mtu mzima utumwani, ingawa iliruhusu mvulana afungwe kwenye kazi mpaka miaka 21 na msichana mpaka miaka 18. Twilight alikuwa mtumishi wa mkataba, kama walivyokuwa watoto wengi wa maskini wa siku hizo, weusi kwa weupe. Mtoto aliyefungwa kwa mkataba hakuwa huru kuondoka, lakini mkataba ulikuwa na mwisho na hakuna aliyeweza kumuuza sokoni. Kwetu sisi tuliotoka pwani na bara, tunaojua neno "mtumwa" lina historia gani kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kulitumia ovyo kungekuwa kuwakosea wote wawili, waliouzwa kweli na huyu ambaye hakuuzwa.

La nne lilikuwa jina lake. Watoto walisoma "Twi-li-gi-ti", wakacheka, wakapoteza uzi. Tumeacha tahajia ya asili, lakini mara ya kwanza jina linapotokea kuna sentensi isemayo kwamba hutamkwa "Twailaiti".

2 Machi 2025. Safari ya kwanza, milango imefungwa

Nilikwenda Brownington pamoja na kijana wetu mchoraji. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza ratiba kabla ya kuondoka. Makumbusho yaliyomo ndani ya jengo la Twilight hupokea wageni majira ya joto, nasi tulifika wakati theluji ikiwa bado inafika magotini.

Hata hivyo safari haikupotea bure, kwa sababu ya njia tuliyopita. Tulipitia Montpelier, tukashika barabara namba 14 kuelekea kaskazini, na barabara hiyo hupita karibu na Craftsbury kabla ya kufika maeneo ya Brownington. Kutoka Craftsbury hadi Brownington ni mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo kwa gari. Nilisimamisha gari nikamwambia mwenzangu afikirie mtoto anayetembea njia ile mwezi wa Februari, au baba anayemsafirisha kwa farasi. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiufikiria ugomvi wa Craftsbury na Brownington juu ya fedha za shule kana kwamba Craftsbury walikuwa watu wabaya.

Jengo lenyewe linaitwa Old Stone House, na Twilight mwenyewe aliliita Athenian Hall. Ni la mawe ya graniti, na lilijengwa kati ya 1834 na 1836 ili kuwa bweni la wanafunzi waliotoka mbali. Nilivua glavu nikaweka kiganja ukutani. Jiwe la graniti kwa mbali lina rangi ya kijivu tupu, lakini ukilikaribia unaona chembe nyeusi na chembe zinazometa, zimeshikana kama ufuta kwenye kashata, na baridi yake hupanda mpaka kwenye kiwiko. Mchoraji alichora pembe moja ya jengo kwa dakika kama kumi, mpaka kalamu ikagoma kutoa wino kwa baridi. Tuliwatafuta pia Twilight na mkewe Mercy katika makaburi ya kanisa, lakini mawe mengi yalikuwa yamefunikwa, nasi hatukutaka kukanyaga makaburi ya watu tukitafuta.

Gharama: petroli dola 28. Kwa atakayenakili kazi hii: safari ya kwanza iwe baada ya nusu ya Mei, na beba penseli badala ya kalamu ya wino.

29 Machi 2025. Sura ya bunge, iliyoandikwa mara tatu

Hii ndiyo hatua iliyochukua muda mrefu kuliko zote.

Rasimu ya kwanza ya sura hii ilikuwa na kurasa tisa za sifa. Twilight alichaguliwa, akaingia, akawa wa kwanza, basi. Niliporudia kuisoma baada ya safari niliona kwamba sikuwa nimeeleza hata kwa mstari mmoja alikwenda kufanya nini huko. Mtu ambaye maisha yake yote ni ya darasani hatoki darasani bila sababu, na sababu hiyo ndiyo habari yenyewe.

Katika rasimu ya pili nilieleza kwanza iliwezekanaje achaguliwe. Vermont haikuwa na sharti la rangi kwa mpiga kura wala kwa mgombea, na tangu 1777 haikumtaka mpiga kura awe na mali. Hali haikuwa hivyo kwingine: Connecticut iliwanyima wanaume weusi kura katika katiba yake ya 1818, na Pennsylvania ikafanya vivyo hivyo mwaka 1838, miaka miwili tu baada ya Twilight kuingia bungeni. Kisha kila mji wa Vermont, uwe mkubwa au mdogo, ulikuwa na mwakilishi mmoja. Brownington, mji wa mashamba na watu mia chache, ulikuwa na kiti kimoja sawa na Burlington, na utaratibu huo ulidumu mpaka miaka ya 1960. Neno "mji" hapa nalo linahitaji maelezo, kwa sababu ukubwa na sura yake ni kama kata ya kwetu: vitongoji, mashamba, kanisa, na msitu katikati. Uchaguzi ulifanyika kila mwaka mwezi wa Septemba, na bunge likakutana Montpelier mwezi wa Oktoba. Mwaka 1836 wenyewe ulikuwa wa mabadiliko, kwani mpaka wakati huo Vermont ilikuwa na bunge la chumba kimoja, na mwaka huo ndipo Seneti ilipoanzishwa.

Rasimu ya tatu ndiyo iliyosimama, nayo inahusu fedha. Vermont ilipogawa ardhi, ilitenga viwanja katika miji kwa ajili ya shule za sekondari za kaunti. Viwanja hivyo havikuuzwa bali vilikodishwa, na kodi yake ikaendesha shule. Katika Kaunti ya Orleans fedha hizo zilikwenda Brownington, kwa shule ambayo Twilight alikuja kuiongoza mwaka 1829, baada ya kufundisha Peru katika jimbo la New York, kupata kibali cha kuhubiri, na kukaa muda mfupi Vergennes. Craftsbury nao walifungua shule yao, wakaomba sehemu ya kodi ile. Twilight aliingia bungeni kupinga mgawanyo. Hoja yake ilikuwa kwamba shule moja yenye mwalimu aliyesoma, vitabu na bweni ni bora kuliko shule mbili zisizojiweza, na bweni lilikuwa hoja yenyewe katika umbo la mawe: kama wanafunzi wana mahali pa kulala, umbali si kikwazo tena.

Niliandika sura hiyo nikiwa upande wake, na bado niko upande wake. Lakini baada ya kusimama katika barabara ile yenye theluji nilimwongezea mzazi wa Craftsbury ukurasa mzima, kwa kuwa naye alilipa kodi, naye alikuwa na mtoto, na mtoto analala vizuri zaidi nyumbani kwao. Sisi wenyewe tunaoamka saa kumi na moja kuwapeleka watoto kituo cha basi tunamwelewa.

Tulipoijaribu sura hii darasani, mvulana wa miaka kumi aliinua mkono akauliza: "Alishinda?"

Hakushinda. Bunge liliruhusu fedha zigawanywe, na Craftsbury Academy wakapata fungu lao. Twilight alikaa bungeni kwa kikao cha mwaka huo mmoja, akarudi Brownington kwenye shule iliyopungukiwa mapato katika mwaka uleule alioikamilisha nyumba ya mawe, ambayo wadhamini wa shule, yaani kamati iliyoisimamia, walikuwa wamekataa kuigharimia.

Baada ya darasa palitokea mjadala mrefu baina ya wazazi. Wengine waliona kwamba kijitabu cha watoto hakifai kumweka shujaa ashindwe, na kwamba watoto wetu wamekwisha kuona kushindwa kwingi. Niliwasikiliza, na ninaheshimu walichosema, kwa kuwa najua walikotoka. Lakini tukifuta kushindwa huko tunafuta sababu iliyompeleka bungeni, na anabaki sanamu lenye namba moja kifuani. Tulipiga kura, tisa kwa watatu, sura ikabaki. Kutokana na mjadala huo tulibadilisha jina pia, na sasa kijitabu kinaitwa "Mwalimu wa Brownington".

26 Aprili 2025. Ghorofa nne au tatu

Mchoraji alileta mchoro wa jalada ukiwa na jengo la ngazi tano. Nilimwuliza, naye akanionyesha maneno yangu mwenyewe: "jengo la ghorofa nne". Kwake yeye, kama kwa wengi wetu, ya chini si ghorofa, na ghorofa ya kwanza ni ile unayopandia ngazi. Wamarekani huhesabu kuanzia sakafu ya chini. Jengo la Twilight lina ngazi nne kwa jumla, chini ikiwemo, kwa hiyo kwa hesabu ya kwetu ni ghorofa tatu. Tumeandika "jengo la ngazi nne, ukihesabu ya chini", na mchoro ukarudiwa. Hasara ilikuwa siku tano za kazi ya kijana. Karatasi nene na kalamu ziligharimu dola 34 kwa michoro yote, pamoja na uliotupwa.

Kosa la pili lilikuwa la ng'ombe. Kuna simulizi inayopendwa Brownington kwamba mawe yalipandishwa na ng'ombe dume mmoja aliyezunguka juu ya jukwaa lililoinuka pamoja na kuta, na jengo lilipokamilika ng'ombe hakuweza kushuka, akachinjwa huko huko juu na kuliwa. Niliiweka katika rasimu kama jambo lililotokea. Sasa imeandikwa kwa maneno "wazee wa Brownington husimulia kwamba", ambayo ndiyo njia ambayo Kiswahili kimeitumia siku zote kulipa simulizi heshima yake bila kuifanya ushahidi. Watoto hawakupunguza kuipenda kwa sababu hiyo. Ndio ukurasa wanaoufungua kwanza.

17 Mei 2025. Chapa ya majaribio

Tulichapa nakala kumi za majaribio kwa dola 47. Mswada ulikuwa na kurasa 26, na kijitabu kinachokunjwa katikati na kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa hiyo mashine iliongeza kurasa mbili tupu mwishoni nasi tukazilipia. Ilinibidi nipunguze kurasa mbili. Nilizitoa katika sifa za mwanzo, na hakuna aliyeuliza zilikokwenda.

Nafasi hiyo ndogo ilinilazimisha kupima upya uzito wa kila sehemu. Twilight alikaa bungeni kikao kimoja, na alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Kijitabu sasa kina kurasa saba za shule ya Brownington na tano za bunge. Miaka yake ya mwisho, niliyokuwa nimeimaliza kwa sentensi mbili, imepata kurasa mbili kamili: mwaka 1847, baada ya kutoelewana na wadhamini, aliondoka akaenda kufundisha Quebec, shule ikadhoofu bila yeye, mwaka 1852 akarudi, mwaka 1855 akapata kiharusi kilichomkatisha kazi, na tarehe 19 Juni 1857 akafariki. Miaka miwili baadaye shule ikafungwa. Yeye na Mercy, waliooana mwaka 1826, hawakujaliwa mtoto.

7 Juni 2025. Safari ya pili

Tulikwenda watoto tisa na watu wazima watano, kwa magari mawili. Petroli dola 56, na kiingilio kila familia ilijilipia. Kwa ufupi: watoto walikimbia, walipanda ngazi, waliambiwa wasiguse, wakagusa.

Jambo moja nililiandika papo hapo ili nisilisahau. Binti mmoja alisimama penye dirisha la juu akaanza kupima kina cha kingo kwa shubiri zake. Zilikwisha shubiri mbili na bado hajafika kwenye kioo. Akaniita: "Mwalimu, ukuta wote huu ni jiwe?" Nilimwambia ndiyo. Akakaa juu ya kingo, miguu ikining'inia, akatazama nje kuelekea milimani kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akitulia. Mchoro wa ukurasa wa 15, ambao awali ulimwonyesha Twilight akihutubia bunge huku mkono ameunyanyua, umebadilishwa. Sasa unamwonyesha mwanafunzi amekaa penye kingo ya dirisha na kitabu.

Safari hii kaburi tulilipata bila taabu. Mzee wetu wa Uvira alivua kofia akaomba dua fupi, na wakubwa wakaitikia.

Wakati wa kurudi tulipita Montpelier, tukaingia Jengo la Bunge, ambamo picha ya Twilight iliyochorwa kwa rangi sasa imetundikwa. Jengo hilo si lile la siku zake. Lile lililokuwa likijengwa alipokuwa mwakilishi lilikamilika mwaka 1838, likaungua Januari 1857, miezi mitano kabla ya kifo chake, na nguzo za graniti za mbele ndizo zilizobaki. Watoto waliojua graniti asubuhi waliitambua jioni bila kuambiwa.

28 Juni 2025. Chapa ya mwisho na sauti

Nakala 60 zimechapwa kwa dola 214. Jumla ya matumizi ni dola 390 kati ya 400.

Toleo la sauti lilirekodiwa kwa simu, na msomaji ni mama wa Kigoma. Rekodi ya kwanza, iliyofanywa jikoni, ilikuwa na mngurumo wa friji tangu mwanzo hadi mwisho, na hatukuusikia mpaka tulipovaa vipokea sauti vya masikioni. Ya pili ilifanywa ndani ya gari lililoegeshwa, madirisha yamefungwa, blanketi kwenye kiti cha mbele, nayo ikatoka safi. Inachukua dakika 31.

23 Septemba 2025. Masahihisho ya toleo la pili

Leo ni miaka 230 tangu azaliwe. Nakala zimebaki nne, kwa hiyo tunaandaa toleo la pili, na haya ndiyo yatakayobadilika.

Ukurasa wa 6 utaeleza zaidi habari za John Russwurm, kwa kuwa wasomaji wengi wameziulizia. Mwaka uleule wa 1836 Twilight alipoingia bungeni Vermont, Russwurm aliteuliwa kuwa gavana wa koloni la Maryland lililokuwa pwani ya Afrika Magharibi, katika Liberia ya leo. Edward Jones naye alikwenda Sierra Leone, akaongoza chuo cha Fourah Bay. Vijana watatu waliosoma katika vyuo jirani kwa miaka ileile, wawili wakavuka bahari kwenda Afrika, na mmoja akabaki kwenye kilima cha Vermont akijenga bweni. Ramani moja itawaonyesha wote watatu.

Ukurasa wa 12 utasahihishwa penye neno "wadhamini", ambalo wasomaji kutoka Kongo walilielewa kuwa wafadhili. Tutaandika "kamati ya wasimamizi wa shule".

Ukurasa wa 18, ule wa mzazi wa Craftsbury, utabaki kama ulivyo. Mama mmoja alikuja kuniambia kwamba aliusoma mara mbili kwa mwanawe, na mtoto akasema yeye angempigia kura Twilight, lakini angepanda basi la Craftsbury.

Kwa kikundi kitakachotaka kunakili kazi hii: faili la maandishi na michoro tunalitoa bure. Badilisheni kwanza ukurasa wa 3 unaoeleza maana ya jimbo, kwa sababu huo tumeuandika kwa wasomaji wa hapa, na someni rasimu yenu kwa sauti mbele ya watu kabla ya kulipia hata nakala moja.